Ng'ombe Watano wa Mzee Nikodemo

Loisi hajawahi kutulia tangu tumboni. Siku ya mashindano ya sekondari ya kuogelea, baiskeli na mbio alitoka bwawani Hombolo wa kwanza, mwili unachuruzika maji, akarukia baiskeli. Baada ya hapo zingebaki mbio za miguu tu, na wawili wa mbele ndio wangewakilisha mkoa.

Kwenye mashamba ya zabibu akakuta ng'ombe wa mzee Nikodemo wanavuka barabara. Mtoto wa Kigogo, kakulia zizini, anajua kundi la mtu halikatwi katikati. Akasimama, anapiga kengele, anachezesha mguu.

"Babu, si uwaswage basi."

"Shikamoo umeiacha bwawani?" Mzee wala hakuinua fimbo.

Walibaki watano tu. Loisi akapenyeza baiskeli katikati yao. Kundi likapasuka, likavamia zabibu za watu.

"Binti wa nani wewe?" mzee akauliza taratibu.

Hapo akamkumbuka baba yake. Akatupa baiskeli, akaanza kuwarudisha ng'ombe mmoja mmoja, huku wenzake wawili wakimpita.

Akamaliza mashindano wa tatu. Kulia alilia, lakini nani ambembeleze? Angesubiri, ng'ombe watano wangevuka kabla hajamaliza kupenga kamasi.