Tanzia ya Kiporo

Shangazi yangu alifariki kwenye mtandao siku ya Jumanne, wakati yeye mwenyewe yuko msibani kwa mtu mwingine, anachambua mchele.

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa fundi wa tovuti katika ofisi ndogo ya Mji Mkongwe. Tulitangaza tanzia, ili ndugu zetu walioko Maskati na Dubai wajue upesi nani kazikwa. Karani anajaza jina la marehemu, jina la mleta habari na saa ya maziko, kisha mfumo unatunga tangazo zuri lenye aya na fremu nyeusi. Tabu ni kwamba ulilitunga upya kila mtu alipolifungua, na kwa mtandao wetu ule ungeweza kwenda makaburini na kurudi kabla halijatokea. Mkuu wetu, mtu wa tai na maneno makubwa, akaamuru kila tangazo lipikwe mara moja tu, liwekwe, na kila ajaye apewe kiporo. Nikamwambia kiporo nacho huchacha. Akaniuliza nimesomea wapi.

Jumanne hiyo shangazi alituletea habari ya kifo cha shoga yake wa Kikwajuni. Karani, ambaye masikio yake yalikuwa kwenye gumzo la mlangoni, akamwandika mleta habari mahali pa marehemu. Kosa liligunduliwa kabla ya adhuhuri, jina likasahihishwa, mkuu akajipangusa mikono. Lakini mfumo uliendelea kugawa ile nakala ya asubuhi, maana hakuna aliyeuambia uitupe.

Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Jioni simu ikalia. Ndugu yetu mmoja wa Maskati alilia hata nikakosa pa kuchomeka neno, kisha akapenga kamasi na kuuliza, "Na nyumba je? Hati zake anazo nani?" Shangazi alikuwa kando yangu, kasikia yote kwenye spika. Akaikata simu kwa kidole chake mwenyewe.

Nikamweleza habari ya nakala, na kwamba naweza kuifuta asubuhi.

"Kwa hivyo huko nshakufa?"

"Huko ndiyo, shangazi."

"Basi iache. Nataka nimsikie mwanangu. Huyo atanililia mie, si nyumba."

Mwanawe huyo, wa pekee, alikuwa Maskati tangu ujana wake, na hajapiga simu tangu Idi. Nikaiacha nakala. Kusema kweli nami nilitaka kumsikia.

Siku zile ndipo nilipojua ukoo wetu una vipaji. Mmoja wa Dubai alimwombea marehemu pepo na kujiombea yeye mlango wa nakshi, bila kuvuta pumzi katikati. Mwingine, aliyekuwa hajakanyaga Unguja tangu miaka ya themanini, alikumbuka ghafla kwamba marehemu alimwahidi saa ya ukutani. Shangazi alicheka hadi akajipiga mapaja. Lakini kila simu ilipolia alinyanyua shingo, na ikiwa si ya mwanawe alirudi kwenye kahawa yake. Ofisini mkuu alikuwa akijisifu kwamba tangazo lile linafunguka haraka kuliko yote tuliyowahi kutoa.

Ijumaa, nimetoka msikitini, simu ikalia nikiwa navua viatu. Shangazi akaiwahi na kubonyeza spika.

"Naam," akaitika.

Ilikuwa sauti ya mwanawe, kavu, ya mtu mwenye haraka. "Shikamoo, bibi. Nnapiga kutoka Maskati. Nipe huyo kijana anokaa na nyumba." Alimdhania mmoja wa wanawake waliobaki msibani.

"Marahaba," shangazi akajibu. Akalivuta neno hilo taratibu. Nadhani alikuwa anampa nafasi ya kuitambua sauti.

"Hebu fanya upesi, bibi, simu inakula pesa."

Shangazi akanisogezea simu.

"Chukua," akasema. "Unaulizwa nyumba."