Mkono wa Kulia, Mkono wa Kushoto

Wanaoniona leo, mwalimu wa makamo aliyefunga vifungo vyote vya koti, hawasadiki kwamba ujanani nilikuwa mwigizaji. Kwa miaka sita nilicheza na kikundi cha maigizo cha mji wa Jinja, Uganda, kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi tuliokuwa tukiukodi kwa familia moja ya Kihindi. Sikuwa hodari. Nilipewa nafasi za watu wanaosema machache kwa sauti kubwa: baba mkwe, polisi, na mara nyingi zaidi askari, kwa sababu nilizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu ambamo Kiswahili kilisemwa wakati wa kula, na kwa watazamaji wetu askari asiyesema Kiswahili hakuwa askari.

Niliogopa kila mara. Kabla ya pazia kufunguliwa niliyarudia maneno yangu machache mara kumi. Lakini hofu ile ilikuwa na mwisho: nikifika sentensi ya tatu, ilikuwa imekwisha kuniacha. Mtazamaji alikuja kwa hiari yake. Alijua kwamba bunduki yangu ni kipande cha mti, na kwamba maiti aliyelala pale atasimama baadaye kupigiwa makofi. Uongo wetu ulikuwa makubaliano, na hakuna aliyetoka ukumbini akiwa amedanganywa.

Hofu ya darasani hufuata njia nyingine. Huanza pale wanafunzi wanaponyamaza. Watoto zaidi ya sitini wanakutazama, hakuna aliyechagua kuja, na hawajui kwamba unaigiza kujiamini. Wao husadiki. Kosa lako wanaliandika daftarini kwa kalamu ya wino na kulipeleka nyumbani, na huwezi kulifuata huko. Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini, na bado sijashika kitasa cha mlango wa darasa kwa kiganja kikavu.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika shule ya msingi huko Budondo, nje kidogo ya Jinja, kati ya mashamba ya miwa na mihogo. Kisha Kiswahili kikafanywa somo la lazima katika shule za sekondari, na walimu wakawa hawatoshi. Shule moja ya sekondari mjini Mbale ikanichukua kwa majaribio ya mwaka mmoja. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Budondo waliniaga kwa sherehe. Walichinja mbuzi, mkuu wa shule akanitaja kuwa mfano kwa vijana, nami nikasimama nikawahutubia juu ya uaminifu kazini kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kurudi kwao baada ya mwaka, nikiwa mtu aliyejaribiwa akaonekana hafai, lilikuwa jambo nisiloweza kuliwazia hadi mwisho.

Nilipanga chumba katika mtaa wa Namakwekwe, nikawa nikifika shuleni kabla ya kengele. Walimu wenzangu waliniita Shehe, si kwa heshima. Nilikuwa nimewakemea kwa kuchelewa, kwa kutuma wanafunzi kuwanunulia chapati wakati wa vipindi, na kwa mengine ambayo leo ningeyanyamazia.

Muhula wa tatu, mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mwenye sauti ya kuamuru hata anapokukaribisha chai.

“Mwalimu, mkaguzi anakuja Alhamisi. Ataingia darasani kwako, kidato cha pili. Ripoti yake ndiyo itakayoamua kama unabaki.”

Nikasema nitajiandaa.

“Wewe umejiandaa tangu uzaliwe. Ninaongea juu ya watoto. Wafanyishe mazoezi.”

Sikumwelewa, naye akanieleza kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Desturi ilikuwa hivi. Somo la siku ya ukaguzi hufundishwa kabla, mara mbili au tatu, kwa maswali yaleyale. Mkaguzi akiwapo, kila mwalimu anapouliza, darasa zima huinua mikono, ili pasiwe na mtoto hata mmoja anayeonekana kubaki nyuma. Anayejua jibu huinua mkono wa kulia. Asiyejua huinua wa kushoto. Mwalimu huchagua wa kulia tu.

“Madamu, huo ni uongo,” nikasema.

“Ni adabu,” akajibu. “Mgeni akija nyumbani kwako, unamwonyesha jikoni? Shehe wangu, usiniharibie shule kwa sababu ya dhamiri yako. Na Jinja ni mbali kurudi na masanduku.”

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilitoka pale nikiwa na hoja nne za kumpinga, zote nzuri, na kesho yake asubuhi nikaanza mazoezi.

Somo lilikuwa methali na matumizi yake. Nilichagua methali nane, nikagawa majibu. Na hapa ujana wangu ulinirudia kwa namna iliyonitia aibu, kwa kuwa nilifurahia. Nilikwenda kusimama nyuma ya darasa, penye kiti ambacho mkaguzi angekalia, kama kiongozi wetu wa Jinja alivyozoea kukaa mwisho wa ukumbi ili aone jukwaa lote. Nilisoma maswali kutoka kule nyuma. Nilitazama migongo yao na mikono ikipanda: ya kulia upande wangu wa kulia, ya kushoto upande wangu wa kushoto. Niliwasahihisha wasiokuwa wepesi. Siku tatu tulifanya hivyo, na jicho langu likazoea. Hata mara moja sikusimama mbele.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala vema. Asubuhi, nikiwa nyuma ya boda boda, nilijishika vidole nikihesabu methali, zikaja saba. Niliirudia hesabu, zikaja saba tena. Dereva alinisikia nikinong'ona, akaniuliza kama ninaomba dua. Nikamwambia ndiyo.

Mkaguzi alikuwa mzee mkimya aliyevaa sweta juani. Alinipa mkono, akakaa nyuma, akafungua daftari lake. Mkuu wa shule alikaa kando yake. Nilisimama mbele nikasubiri ile faraja ya sentensi ya tatu. Nilisema sentensi ya tatu, ya nne, ya kumi, na hofu haikuondoka. Ilikuwa imeniketia kifuani. Niliwaona watoto kama mtu anavyoona vitu chini ya maji.

Nikauliza swali la kwanza. Mikono yote ikapanda, msitu mzima. Nilitazama upande ambao jicho langu lilikuwa limezoea, nikamwita kijana wa dawati la pili. Akasimama. Hakusema neno. Nikamwambia akae, nikamwita mwingine. Naye akasimama, akatazama dirishani, midomo ikicheza. Nikadhani wameamua kunigomea. Nikadhani walimu wenzangu wamewachochea. Kwa dakika moja niliwachukia watoto wale wote. Haikunijia kabisa kwamba mtu aliyesimama uso kwa uso na wewe, mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto. Mtoto mdogo anajua hivyo. Mtu aliyeigiza kwa miaka sita alipaswa kujua zaidi. Hofu ilikuwa imenifuta hata hilo.

Nikamwita wa tatu, msichana mrefu aliyekaa karibu na ukuta. Alikuwa binti wa muuza nguo za mitumba hapo hapo Namakwekwe, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi, kisichojali ngeli.

Alisimama, akanitazama kwa huruma. “Mwalimu,” akasema polepole, “lakini mimi nilinyosha mkono ya kushoto.”

Mkuu wa shule alifumba macho. Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

“Mkono wa kushoto una nini?” mkaguzi akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

Swali lilikuwa langu, na kila mtu mle ndani alijua kuwa ni langu. Nilifungua kinywa, hewa ikatoka bila sauti. Niliona Budondo, niliwaona wale walioniaga wakiwa wamekaa kwenye viti vilevile. Jukwaani, mwenzako akisahau maneno, aliye karibu naye humtupia sentensi ili mchezo usife. Msichana yule hakuwahi kukanyaga jukwaa maishani mwake. Alinitazama mara moja, kisha akageuka nyuma.

“Bwana mkaguzi, kushoto ni ya wale wako na swali,” akasema. “Kulia ni ya jibu. Sasa mwalimu aliita sisi wa swali kwanza. Hawa wawili waliona haya tu.”

“Vizuri,” mkaguzi akasema. “Na swali lako ni lipi?”

Akafikiri kidogo. “Kama methali inasema mvumilivu hula mbivu, na mwenye mti akija akachuma zote, yule mvumilivu anakula nini?”

Darasa likacheka, mkaguzi akacheka, na kicheko kile kiliniokoa. Niligundua kosa la mikono, nikageuza jicho, nikaita wa kulia mpaka kengele. Majibu yalitoka laini. Nilisikia kalamu ikikimbia juu ya karatasi. Alipokuwa akitoka alinishika bega, akasema hajawahi kuona darasa ambamo swali linapewa heshima sawa na jibu, na kwamba angelitaja jambo hilo katika ripoti.

Nilibaki peke yangu na ubao. Wengi wangedhani kwamba hofu yangu iliishia hapo, kumbe ndipo ilipozidi. Nilikuwa nimeokolewa na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyedanganya mbele ya mzee bila kupepesa macho, na kazi ile alijifunza kwangu. Kwa siku tatu nilikuwa nimemfundisha kwamba ukweli una mkono wa kuufichia. Nilifanya hesabu ya woga: nikinyamaza, nimepata kazi, nikisema, ninarudi Jinja. Na nikinyamaza, kila nitakapoingia darasani humo nitamkuta amekaa karibu na ukuta, akijua. Kumkuta pale kulinitisha zaidi kidogo kuliko kurudi Jinja. Siwezi kujisifu kwa ushujaa. Niliukimbia woga mkubwa nikaingia mdogo.

Nilivuka uwanja. Ofisini walikuwa wakinywa chai, na mkuu wa shule, aliponiona usoni, akaweka kikombe chini.

“Mwalimu, baadaye,” akasema.

“Bwana mkaguzi,” nikasema, “yule msichana alinifichia aibu. Kushoto ni kwa wasiojua. Somo lote lilifanyiwa mazoezi, na mazoezi niliyafanya mimi.”

Mkaguzi hakuonyesha kushangaa, na hilo liliniumiza kuliko hasira. “Ninajua mikono,” akasema. “Nilikuwa mwalimu kabla yako. Nilipenda tu kuamini kwamba safari hii nimekosea.” Akafungua daftari, akachana taratibu ukurasa aliouandika darasani, akaukunja na kuutia mfukoni mwa sweta. “Utakaa mwaka mwingine wa majaribio. Nitarudi mwenyewe, na sitakupa taarifa ya siku.”

Mkuu wa shule hakunisemesha hadi muhula ulipoisha, isipokuwa kwa barua.

Kesho yake niliingia kidato cha pili. Niliwaambia wote wanisikilize, nikawaeleza nilichofanya na nilichosema ofisini, bila kujipunguzia. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya ukweli, marefu, yenye mpangilio mzuri. Sikufika nayo mbali. Msichana alisimama bila kuinua mkono wowote.

“Sasa, mwalimu, mimi nilidanganya ya bure?”

Wenzake wakaguna. Mmoja akamwambia, “Kaa chini, wakili.” Hakukaa. Alikuwa na machozi ya hasira, na nilielewa kwamba alikuwa amenipa kitu cha thamani, nami nimekirudisha mbele za watu. Kama aliadhibiwa na mkuu wa shule au la, sikujua wakati ule, na sikuwa nimefikiria kuuliza.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Ulidanganya bure. Mimi ndiye niliyekufikisha hapo, na ninakuomba radhi.”

Aliendelea kunitazama, kama mnunuzi anayeipima nguo iliyofuliwa mara nyingi. Hatimaye akakaa.

“Na ile ya mti?” akasema akiwa amekaa. “Hamkunijibu jana. Walicheka tu.”

Nilitaka kutoa jibu la haraka, nikagundua kwamba sina. Nikamwambia sijui, tulifikirie. Watoto zaidi ya sitini walininyamazia, nami nikasimama mbele yao nikingoja mmoja wao aseme jambo ambalo sikumpangia.