Mguu ni Mguu, Kichwa ni Kichwa

Kwa miaka mitatu nilikana kwamba kidonda cha mguuni kilizidisha madhara ya kiharusi cha baba. Nilikana kwa sauti yangu ya chuo kikuu, ambayo nyumbani kwetu Njombe humaliza mjadala wowote, hata ule wa mbolea ya viazi, jambo nisilolijua kabisa.

Kiharusi kilimpata mwezi wa sita. Upande wa kulia ukafa ganzi, maneno yakaondoka. Tulipomtoa hospitali yakaanza kurudi moja moja: maji, chumvi, kamwene, ile salamu yetu. Siku moja nilimlisha uji, nikaumwaga kifuani pake. Akanitazama, akasema polepole, "Digrii mbili. Kijiko kimoja." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaamini tumeshavuka.

Kwetu, msimu ule wa baridi, mtu hulala na kidumu cha maji ya moto miguuni. Ndivyo tulivyomaliza shule za bweni. Mama alikizungushia kitenge, akakiweka upande ule uliokufa ganzi, kwa sababu ndio uliokuwa wa baridi zaidi akiugusa. Kitenge kiliteleza. Baba hakuhisi kitu. Asubuhi mama alifunua blanketi, akakuta ngozi ya mguu imetoka malengelenge, na mwenye mguu anaomba chai.

Kidonda kikaingia usaha, homa ikapanda. Iliposhuka, maneno hayakuwepo tena, na mkono uliokuwa umeanza kukunja vidole ulilala kama mwanzo.

Tulimrudisha hospitali. Daktari alinivuta dirishani. Ubongo ulioumia, alisema, unahitaji mwili uliotulia. Jeraha la mguuni huufanya mwili mzima uanze kujihami, na uvimbe wa kujihami huko husafiri na damu mpaka kichwani, pale ambapo bado ni pabichi.

"Siwezi kuapa kwamba kidonda ndicho kilichomrudisha nyuma mzee," alisema. "Lakini ningeshangaa kama hakikuchangia."

Nilimshukuru kama mtu aliyeelekezwa kituo cha basi. Nje, mama alikuwa kwenye benchi, chupa ya chai mapajani.

"Kasemaje?"

"Kidonda kitapona."

"Na maneno? Ni kile kidumu changu?"

"Mama, mguu ni mguu, kichwa ni kichwa."

Akanimiminia chai.

Nilirudi Makambako, kwenye kazi zangu na vumbi. Sikulia. Kila Jumamosi nilipanda Njombe, nikamkata baba kucha, nikamsimulia habari asizojibu, nikashuka. Mama aliuliza tena wakati wa kupukuchua mahindi, akauliza tena tukitoka kanisani, nami nikamjibu yale yale, kila mara kwa ufasaha zaidi. Niliandika hata makala kuhusu watu wetu wanaotafuta wa kumlaumu kila msiba unapoingia. Wasomaji waliipenda sana.

Mwezi uliopita mama akapiga simu. Nilikuwa naosha vyombo, nikaiweka simu kwenye spika.

"Nimempeleka baba yako kliniki ya presha," alisema. "Nimemuuliza daktari mwenyewe."

"Umemuuliza nini?"

"Unajua."

Nilifunga bomba.

"Kasema mwili ni mmoja. Kasema inawezekana kabisa. Wewe uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Lini?"

"Siku ile ile, mama. Ulipokuwa kwenye benchi."

Nilingoja anikaripie. Nilisikia akivuta kiti, akikaa, akishusha pumzi kama anayetua mzigo wa kuni.

"Mimi nilijua tangu nilipofunua lile blanketi," alisema. "Miaka yote hii sikukuuliza ili unijibu, mwanangu. Nilitaka tukae tuliseme, wawili. Wewe ukawa unanifundisha."

Nilisema, "Ndiyo, mama."

Akasema baba ameamka, anahitaji kugeuzwa, akakata simu.