Taa Zilizojifunza Kuitika

Zamani kidogo, taa za ukumbi mkubwa zilipoanza kuongozwa kwa kompyuta, programu yake iliandikwa na binti mmoja mwembamba, mwepesi wa kucheka, ambaye mafundi wa jukwaani walimbandika jina la Dada Taa. Jina lilimkaa vizuri. Taa zenyewe ndizo zilizokataa kumtii.

Alikuwa ameandika amri moja kwa ajili ya taa moja moja, nyingine kwa safu ya taa, na nyingine tena kwa upande mzima wa jukwaa. Kila mara fundi umeme alipoongeza safu, amri zote zilipanguliwa zikapangwa upya. Jioni moja mwelekezi wa mchezo alisema, "Fifisha kushoto," na nusu ya taa zikafifia, nusu zikakodoa macho kama watoto waliokataa kulala.

"Dada Taa," fundi umeme alimtania, "hizo ni zako au za jirani?"

Meneja wa ukumbi hakucheka. "Binti yangu, kesho jioni tunajaribu mara ya mwisho. Zikigoma, narudisha swichi zangu za ukutani, na mimi na wewe tutaagana kwa heri."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na asubuhi yake kulikuwa na picha ya ukoo. Ndugu walikuwa wamekuja kutoka mbali. Mama yake hakutaka kusikia habari za kompyuta. Basi Dada Taa akasimama uani na wenzake, mwili uko pale, roho iko ukumbini.

Mpiga picha, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, hakumjua yeyote kwa jina. "Upande wa shangazi, nyuma kidogo!"

Shangazi akawageukia wanawe. "Mmesikia? Nyuma!" Wanawe nao wakawageukia watoto wao, na kundi zima likarudi nyuma.

"Mjomba, nyuma kidogo!"

Mjomba, asiye na mke wala mtoto, akatazama kulia na kushoto, akarudi peke yake. "Mimi nimejiamuru mwenyewe," akasema, na watu wakaangua kicheko.

Dada Taa hakucheka. Neno lilikuwa lile lile! Mpiga picha hakuuliza nani ana wangapi. Mwenye watu alilipitisha kwa watu wake. Asiye na watu alitenda.

"Mama, niwie radhi!" Akachomoka mstarini.

"We mtoto! Picha!"

"Mjomba ni taa, mama! Shangazi ni safu!"

"Mwanangu kachanganyikiwa," mama akasema.

"Mwache," mjomba akajibu. "Angalau hakuniita kibatari."

Kutwa nzima vidole vyake havikutulia. Alifuta amri zake zote, akaandika moja. Taa ikiambiwa fifia, hufifia. Kundi likiambiwa fifia, hulipitisha neno kwa vyote vilivyomo, viwe taa au makundi madogo, bila kuuliza kilichomo ni nini. Baadaye alikuja kujua kwamba waandishi wa programu walikwisha kuupa mtindo huo jina tangu zamani. Hilo halikumpunguzia furaha hata chembe.

Jioni mwelekezi akasema, "Fifisha kushoto." Kushoto kote kukafifia, polepole, kwa pamoja.

"Ngoja," fundi umeme akasema kwa ujanja. "Kuna safu nimeitundika sasa hivi. Hiyo je?"

Dada Taa akaiingiza safu mpya katika kundi la kushoto kwa mstari mmoja tu. "Washa." Zikawaka zote. "Fifisha." Zikaitika zote, wageni kwa wenyeji. Fundi umeme akarusha kofia yake juu, naye Dada Taa akajikuta anaruka jukwaani kama mwanambuzi.

Meneja akamgeukia fundi umeme. "Fundi," akasema, "kesho njoo na bisibisi. Zile swichi zangu, zing'oe."

Picha ya ukoo bado inaning'inia sebuleni kwa mama yake. Kati ya shangazi na mjomba pana nafasi wazi, na wageni hawaachi kuuliza ni ya nani.

"Ya binti yangu," mama hujibu, akiinyoosha fremu ambayo haijapinda. "Alikuwa amekimbilia taa."