Asumini Iliyopigwa Jicho

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, uhuru ukiwa bado mpya, nyumbani kwetu Lamu tulimwogopa jirani yetu Bi Zena kwa sababu ya mti wa asumini.

Mwenyewe ndiye aliyempa bibi yangu kitawi cha kupanda, bibi akakiotesha darini, kwenye sakafu ya juu isiyoezekwa, ndani ya debe la samli. Na Bi Zena ndiye aliyenifundisha kuutunza. Kiangazi niumwagilie asubuhi na jioni. Masika nihakikishe matundu ya debe hayajaziba. Maua yakiisha niupogoe. Ukikua niuhamishie chombo kikubwa, udongo mpya na samadi ya mbuzi. Maji ya kisima nisiupe kabisa, yana chumvi.

Mwaka ule ulichanua ajabu. Bi Zena alipanda darini, akautazama, akasema wake haujawahi kutoa maua hivyo. Hakusema mashallah. Wiki ya pili majani yakaanza kugeuka manjano. Leo ningesema mizizi ilibanwa na debe. Bibi alisema vingine.

“Ito hilo,” alisema kwa Kiamu chetu, yaani jicho. “Ito la Zena.”

Tangu hapo kila alilofanya Bi Zena lilikuwa na kasoro. Akipiga hodi, amekuja kukagua kazi yake. Asipokuja, anajificha. Bibi alikuwa akipanda darini alfajiri peke yake, kwani kinga ya jicho haionyeshwi watu, na mti ulizidi kupukutika. Mwishowe akampiga marufuku Bi Zena nyumbani kwetu.

Wiki hiyohiyo debe lilioza kwa kutu, likapasuka. Bibi magoti siku hiyo yalikuwa yakimuuma, akanituma nikauhamishe mti kwenye mtungi. Nilipouchomoa nikaona vibonge vyeupe vimegandamana na mizizi. Nikaonja. Ilikuwa chumvi ya mawe. Kwetu aliyepigwa jicho huzungushiwa chumvi kichwani, kisha ikatupwa motoni. Mti hauna kichwa, bibi akaifukia shinani, na kila ulipozidi kuugua akaongeza.

Niliiosha mizizi kwa maji ya mvua, nikaupanda upya, nikanyamaza. Mwezi haukuisha mti ukachipua. Bibi akawaambia wanawake wa mtaa kwamba Zena amefukuzwa na mti umepona, ushahidi gani tena wanautaka. Wakaanza kuwafunika watoto wachanga kwa leso kila akipita. Yeye hakuwa na mtoto. Niliona jinsi alivyojifunza kutembea akitazama chini, na niliona haya.

Siku moja alinikuta kichochoroni peke yangu.

“Mti wenu ulikuwa una nini, mwanangu?”

Nilijua alichokuwa akiniomba. Neno moja tu langu lingetosha kumsafisha.

“Sijui, Bi Zena.”

Akanishika bega kidogo, akaenda zake. Baadaye alihamia mtaa wa Wiyoni, akafia huko, na nasikia hata siku ya maziko wapo waliokumbushana habari ya jicho lake.

Kwa miaka mingi nimemlaumu bibi kwa ushirikina wake. Ni rahisi, amekwisha kufa. Lakini bibi aliamini kweli alichokisema, na Mungu atamhukumu kwa imani yake. Katika mtaa ule wote, aliyejua kwamba Bi Zena hana kosa nilikuwa mimi peke yangu.