Fundo la Aproni

Usiku ninaousimulia ni wa mwaka wa magimbi. Mahindi yalioza shambani kwa mvua, maharage yakafuata, basi huku kwetu Usambara tukala magimbi asubuhi, magimbi mchana, na jioni tukayaponda tuone kama yatageuka kitu kingine. Hayakugeuka. Ndio mwaka mjukuu wangu Neema alipoolewa na Mjerumani, kijana mrefu mwenye masikio mekundu. Hata kwenye karamu ya harusi magimbi yalikuwepo, na yeye akala sahani mbili.

Siku tatu kabla ya harusi kilikuja kifurushi kutoka kwa mama yake yule kijana. Ndani mlikuwa na magauni mawili ya kwao, moja la bibi harusi, moja langu. Neema akasema yanaitwa dirndl. Nikamwambia usinifundishe, mke mwenzangu, hayo nayajua tangu mama yako hajazaliwa. Marehemu mume wangu, Elia, alikuwa fundi cherehani pale misheni, na mabibi wa Kijerumani walikuwa wakimletea ya kwao ayarekebishe. Blauzi nyeupe yenye mikono iliyotuna kama maandazi. Kizibao kinachobana kifua mpaka pumzi inaomba ruhusa. Sketi pana ya marinda, na juu yake aproni inayofungwa kwa utepe. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini nguo naisoma.

Kulikuwa na barua. Neema akanisomea. Kumbe kwao fundo la aproni linasema. Mwanamke akifunga upande wa kushoto, hajaolewa. Akifunga upande wa kulia, ana mume. Mjane anafunga nyuma.

"Kwa hiyo wewe Bibi ni nyuma," akasema.

"Nyuma? Nimekuwa mbuzi, nifungwe nisikokuona?"

"Watakuja watu wa kwao, Bibi. Wakiliona upande wa kulia watauliza mume yuko wapi."

"Waulize. Nitawapeleka kaburini wakamsalimie."

Alicheka, halafu akaacha kucheka, machozi yakamlengalenga. "Mama mkwe ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Usinitie aibu, Bibi, siku yangu ni hiyo moja tu."

Ana haki yake mtoto. Lakini Elia alikuwa na miaka tisa ardhini. Matanga nilikaa, kichwa nilinyoa, kila waliloniambia nilifanya. Neno moja tu sikuwahi kulitoa mdomoni mwangu, kwamba sina mume. Sasa natakiwa nilitamke kwa utepe, mgongoni, mbele ya kanisa zima. Hilo ndilo nililolala nalo.

Usiku huo nikamwona Elia. Hakuingia mlangoni, alikuwepo tu. Tuko kwenye baraza la misheni, jua la asubuhi limetuwakia, cherehani yake ile nyeusi inakwenda na hakuna anayeikanyaga. Amesimama, futi shingoni, pini tatu mdomoni. Mimi nimevaa lile gauni. Mimi ni mzee hivi hivi, na mapengo yangu haya haya. Yeye ni kijana wa siku ile aliyonipima mara ya kwanza, akanipima kiuno mara nne, eti zile tatu kasahau.

Ananizunguka. Anavuta mshono wa kwapa, anaguna. Mikono yake inanukia mafuta ya cherehani na sabuni ya mche.

"Umekonda, Mama Rehema."

"Magimbi," nikasema.

Akacheka na pini zake mdomoni, nikaogopa atazimeza, nikasahau kwamba cha kumuua kilishamuua.

Mara baraza halipo. Tuko kwenye njia ya kushuka mtoni, katikati ya mashamba ya viazi, ukungu umetufika magotini, naye ananishikia sketi isilowe. Huyu mtu katika uhai wake hakuwahi kunishikia nguo. Alikuwa mtu wa kutangulia mbio, mimi na mzigo wangu nyuma. Nawaza, haya umejifunzia wapi? Hageuki, lakini naona shavu lake linatabasamu kwa pembeni.

Tumefika mlangoni mwa kanisa. Ndani wanaimba, na sauti ya Neema naitambua katikati ya zote. Elia anapiga goti mbele yangu, kama fundi anayetaka kuona pindo, anashika utepe, anafunga kwa mazoea. Natazama chini. Kushoto! Fundi mzima! Tulikuwa tumeelekeana, na upande wake wa kulia ndio wangu wa kushoto.

"Baba Rehema, umenifanya mwari."

Anaangalia, anajipiga kofi la paji la uso. Tulicheka sote wawili mpaka nikahisi kizibao kitapasuka. Kisha akafungua, taratibu, na mikono yake ikapita kiunoni kwangu ikaelekea mgongoni. Hapo nikajua kilichomleta.

"Nyuma, mama," akasema. Uso wake uko karibu, naliona hata lile kovu dogo la pini kwenye mdomo. "Mimi nimeshakwenda. Mtoto asiaibike."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekutua mzigo kichwani. Nikaikamata mikono yake yote miwili. Ilikuwa na joto. Watu husema wafu wana baridi. Mimi nimewashika, nawaambia wana joto.

"Sifungi nyuma. Mume ninaye."

Akanitazama, akanitazama. Utepe ukamponyoka vidoleni. Kule kuimba kwa kanisani kukawa mvua juu ya bati, na mikono yangu imeshika blanketi.

Neema alikuwa ameamka, anachochea moto, maana siku hizo alilala kwangu. Akaja na kijinga cha moto mkononi kunitazama.

"Bibi, mbona unalia?"

"Babu yako alikuja."

Akakirudisha kijinga mekoni, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Nilitaka kuuficha ule ujumbe, nasema kweli. Ningeweza kumwambia kaja kunisalimia tu. Lakini Elia hakuwahi kunituma jambo nikalipunguza njiani, nisingeanza sasa.

"Amesema nifunge nyuma," nikamwambia. "Amesema yeye ameshakwenda, na wewe usiaibike."

Mtoto akajifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akanishika goti. "Hata Babu mwenyewe! Basi si umesikia, Bibi?"

"Nimesikia vizuri sana. Na wewe nakujibu kama nilivyomjibu yeye. Sifungi nyuma. Mume ninaye."