Wiski Iliyoletwa Badala ya Dengelua

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mkiletewa chupa msikimbilie kuuliza bei yake. Ulizeni kwanza: aliyeileta ameionja? Kwetu Usambara pombe ya posa haina thamani mpaka mwenye kuileta ainywe mbele za watu. Akikataa, anaondoka nayo, na mke hapati.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, serikali inachukua mashamba ya chai na Wazungu wanafunga mizigo. Kijana wa Mtae aliyekuwa mpishi wa mmoja wao alikuja kumposa binti yangu. Mkwe huleta dengelua, pombe ya miwa. Yeye akaja na chupa.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Hata moto wa jikoni ulionekana kama unawaka ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dengelua iko wapi?"

"Mama, hii ni wiski ya Uskoti, bwana aliniachia. Ni ya shayiri tupu, haikuchanganywa na nyingine. Imelala kwenye pipa tangu mimi nachunga mbuzi."

Mume wangu alikwisha kufa, kwa hiyo aliyekaa mahali pa baba ni kaka yake. Shemeji akaimimina kwenye kibuyu, akakitikisa, akangoja povu kama la dengelua. Wapi!

"Imekufa hii," akasema. "Kilicholala miaka yote hiyo hakiamki." Akanusa. "Tena ina moshi. Mpishi, uliiunguza?"

Watu wakacheka. Binti yangu hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi ananitazama, maana shemeji alishaanza kuirudisha wiski chupani.

Nikamuuliza kijana, "Wewe umeionja?"

"Hapana mama. Ni kitu cha thamani, niliwatunzia nyinyi."

"Kunywa."

Akainywa kama dengelua, funda zima. Macho yakamtoka, akashika nguzo, akakohoa mpaka kuku wakakimbia. Lakini hakuitema.

Shemeji akampiga mgongoni. "Pole mwanangu! Kumbe imeamka!"

Nami nikapokea kibuyu, nikaonja kidogo. Kwanza moto. Halafu moshi wa kuni mbichi, kama nyumba ya mama yangu wakati wa masika. Halafu utamu ukaja taratibu, kama asali ya msituni, nikameza na bado ukabaki. Nikawa kama nimesinzia nimekaa. Niliona milima nisiyoijua, ina ukungu kama wetu, na mzee mmoja amekaa kando ya pipa lake, anangoja tu, hana haraka na mtu. Sauti za nyumbani zilikuwa mbali.

"Shemeji, umelala?" Ni kaka wa mume wangu. "Inafaa au haifai?"

"Inafaa. Aliyeipika alijua kungoja. Lakini aliyeipika hakuja kuposa hapa."

Binti yangu akainamisha kichwa. Nikawageukia watu wa nyumbani:

"Mtandikieni kijana alale. Kukicha mpeni panga na kinu, akate miwa, atwange, apike dengelua yake mwenyewe. Na mtu yeyote asimsaidie."